KASAPA IJENGWE KWA MAFUNGU, ISIUZWE KWA SIKU MOJA

Ndugu wafanya kazi wa migodi, mama zetu wa masoko, na wenyeji wote wa mji wa Lubumbashi,

Kila mtu apitaye barabara ya Kasapa, akienda Chuo Kikuu au akienda kumtazama ndugu yake aliye katika gereza kuu, huona jambo moja. Huona majani marefu, vichuguu vikubwa kama nyumba, na visiki vya miti iliyokatwa kwa ajili ya makala. Humo katikati ya majani huona mawe ya mpaka, na kuta za matofali zilizofika madirishani zikasimama hapo. Mwenye ukuta hayupo. Nasi tukishuka garini huulizana: Ardhi hii itajengwa na nani? Itajengwa lini? Na siku itakapojengwa, sisi tutakuwa wapi?

Sisi tuandikao maneno haya ni makarani wa mgodi. Hatukusomea kazi ya kupanga miji. Tulisoma katika shule ya misioni, tukafundishwa hesabu na maandiko, na leo kazi yetu ni kuandika daftari za mishahara. Lakini mtu aandikaye mishahara ya wenzake kila mwezi hujua mambo ambayo wakubwa hawayajui. Hujua nani anakatwa deni la bati, nani ameomba mkopo wa saruji, na nani amefanya kazi miaka kumi na mitano na bado analipa kodi ya chumba kimoja. Kwa hiyo twaomba mtusikilize. Tunalotaka kusema ni hili: ardhi tupu ya Kasapa, na ardhi nyingine kama hiyo katika komini Annexe, ifunguliwe kwa mafungu, fungu moja baada ya jingine, kwa utaratibu unaojulikana na watu wote.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini. Mwaka 1911 tanuri la shaba la Union Minière likaanza kuyeyusha. Tangu mwanzo mji ulichorwa kwa rula, barabara zikakatana sawasawa, lakini mchoro ule haukuwa wa watu wote. Kati ya nyumba za Wazungu na nyumba za Waafrika iliachwa ardhi tupu yenye upana wa mita mia kadhaa. Tuliambiwa ni kwa sababu ya mbu na malaria. Mwaka 1921 mtaa wa Waafrika ukasogezwa mbali zaidi, ndipo ikazaliwa ile inayoitwa leo Kamalondo. Kwa hiyo tangu zamani sisi wa mji huu twajua kwamba uwanja mtupu hauwi mtupu kwa bahati. Kuna mtu aliyeamua uwe mtupu, na kuna mtu anayepata faida.

Baadaye, watu walipozidi, ikajengwa Kenya, na katika miaka ya 1950 zikafuata Katuba na Ruashi. Twapenda wasomaji watazame mitaa hiyo miwili, maana ina somo. Huko Ruashi, Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952 na kuitwa kwa kifupi OCA, ilijenga nyumba zilizokamilika na kuwapa watu. Huko Katuba njia ilikuwa nyingine: mtu alipewa lupango lililopimwa, akapewa mkopo wa vifaa kutoka ule mfuko ulioitwa Fonds d'Avances, kisha akajenga mwenyewe polepole. Serikali ya wakoloni haikufanya hayo kwa kutupenda. Ilitaka wafanya kazi karibu na viwanda, tena ilitaka kujua kila mtu analala wapi. Walakini tusikatae kuona jambo lililo mbele ya macho: kwanza mpimaji alipita, barabara ikachorwa, kisha mwenye nyumba akaja. Leo katika pembe nyingi za mji mambo yamegeuzwa miguu juu. Mwenye nyumba huja kwanza, mpimaji huja baadaye, na barabara huja pale ambapo nyumba ya mtu imekwisha simama. Ndipo msalaba mwekundu huchorwa ukutani, na mama hulia.

Sisi watu wa migodi tulikuwa na ugonjwa wetu mwingine. Union Minière ilitupa nyumba kambini, ikatupa posho ya unga, ikatupa shule na hospitali. Baba zetu wengi walisifu jambo hilo. Lakini nyumba ya kambi ilifuata kazi: kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Baada ya kampuni kuwa mali ya taifa mwaka 1967, na kuitwa Gécamines hapo baadaye, desturi ile iliendelea. Kisha ikaja miaka ya 2003 na 2004, wafanya kazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakatolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mzee aliyechimba shaba miaka thelathini alijikuta na fedha kidogo mkononi, asijue kununua lupango wala kupima msingi, kwa kuwa maisha yake yote jambo la nyumba lilikuwa la kampuni.

Siku hizi kampuni nyingi za migodi hazijengi kambi kama zile. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba, na asipotoa nyumba, ampe fedha ya nyumba. Wengi wetu hupewa fedha. Na fedha hiyo huenda wapi? Huenda kwa mwenye chumba, mwezi baada ya mwezi, wala haiachi hata tofali moja. Ndiyo sababu mfanya kazi akisikia kwamba kuna ardhi Kasapa, moyo wake hudunda. Na ndiyo sababu matapeli wanajua mahali pa kumkamata.

Tutasimulia habari moja, nayo ni ya kwetu sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita tulichanga akiba, tukanunua lupango pembeni mwa mji kwa mtu aliyekuwa na karatasi yenye mhuri. Tulichimba msingi siku mbili. Siku ya tatu akaja mtu wa pili, naye ana karatasi yenye mhuri. Kabla ya juma kwisha alikuja mama mjane na watoto wake wawili, ana barua ya mzee wa jadi aliyempa mume wake ardhi ile zamani. Hakuna aliyekuwa mwongo kati ya sisi watatu. Wote tulilipa. Tuliacha msingi wetu pale, na mvua za Novemba zikaujaza maji. Hatumtaji aliyetuuzia, maana hatuandiki ili kulipa kisasi. Twaandika kwa kuwa twajua habari hii si yetu peke yetu.

Chanzo chake ni nini? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia. Sheria hiyo hiyo ikasema kwamba haki za watu katika ardhi ya jadi zitawekwa wazi kwa amri ya Rais. Miaka mingi sana ilipita bila amri ile. Basi pembeni mwa mji, mahali mji unapokutana na kijiji, mamlaka yakawa mawili: mzee wa jadi anagawa kwa mdomo, na ofisi inagawa kwa karatasi. Komini Annexe, ambayo huzunguka komini nyingine zote za Lubumbashi, ndiyo yenye mipaka mirefu kuliko zote, na Kasapa imo humo. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi ni sisi.

Sasa tuje kwenye shauri letu. Watu wakisikia neno mafungu huogopa. Husema: "Hizo ni hila za kutuchelewesha." Kwa hiyo twataka kueleza kwa hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yetu.

Tuseme kuna uwanja wa hekta 100. Huo ni mfano tu, si kipimo cha Kasapa. Hekta 100 ni mita za eneo 1,000,000. Katika hizo tuondoe theluthi moja kwa ajili ya barabara, mitaro, shule, soko, zahanati, na uwanja wa mpira. Zinabaki kama 666,000. Kila lupango likiwa na mita 20 kwa 25, yaani mita za eneo 500, tutapata malupango 1,330 hivi. Nyumba ikiwa na watu sita, hao ni karibu watu 8,000. Huo ni mji mdogo, ndugu zetu.

Watu 8,000 wanakunywa nini? Tukimhesabia kila mtu lita 40 kwa siku, ya kunywa, kupika, kuoga na kufua, basi wanahitaji lita 320,000 kila siku. Kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, chenye pampu itoayo lita 5,000 kwa saa, kikifanya kazi saa 16, hutoa lita 80,000. Kwa hiyo visima vinne vya namna hiyo vyahitajika, pamoja na matangi, mabomba, na umeme wa kuvuta maji. Nani ana fedha ya kufanya hayo yote kwa siku moja? REGIDESO haina, komini haina, wala sisi hatuna. Lakini kisima kimoja chawezekana. Na kisima kimoja ni robo ya uwanja: malupango 330, watu 2,000. Hilo ndilo fungu la kwanza. Fungu halikatwi kwa kupenda kwa mkubwa fulani. Hukatwa kwa maji yaliyopo.

Mtu atasema: "Kwa nini kila mtu asichimbe kisima chake katika lupango lake, kama tulivyozoea?" Tumjibu kwa kamba ya kupimia. Waganga wa afya hushauri kisima kiwe mbali na choo cha shimo, si chini ya mita 30. Lupango la mita 20 kwa 25, kutoka pembe hii hata pembe ile iliyo mbali kabisa, lina mita 32 tu. Ukiweka choo pembeni kabisa na kisima pembeni kabisa, umetimiza shauri hilo kwa mita mbili. Lakini jirani yako je? Choo chake kiko nyuma ya ukuta wako. Na jirani wa nyuma? Na wa upande wa pili? Haiwezekani malupango 330 yawe kila moja na kisima na choo bila uchafu wa mmoja kuingia katika ndoo ya mwingine. Mji wetu wakijua vizuri kipindupindu. Hakiulizi kama una cheti cha ardhi.

Basi mambo yafuatane namna hii. La kwanza, uwanja wote upimwe na uchorwe tangu mwanzo, pamoja na mahali pa shule na soko, hata kama shule itajengwa baada ya miaka kumi. Mabonde ya maji yaachwe bila nyumba, maana maji ya Februari yatarudi kwake hata tukiyajengea juu. La pili, barabara kuu na mitaro yake ichimbwe wakati wa kiangazi, kabla ya lupango lolote kutolewa. La tatu, maji. La nne, ndipo watu waitwe. Na fungu la kwanza lianzie karibu na barabara na bomba lililopo, lisianzie huko mbali porini. Tumeona mahali pengine wauzaji wakianza na ardhi ya mbali kwa sababu ni ya bei ndogo, na ile iliyo karibu wakiificha mpaka ipande bei kwa jasho la wale waliotangulia kulima njia. Huo si mpango wa mji. Huo ni mtego.

Fungu la pili lifunguliwe lini? Hapa pana jambo la kuangalia sana. Tukisema lifunguliwe fungu la kwanza litakapojaa kabisa, basi watu watano wenye malupango wasiyojenga wataweza kuwafungia mlango watu elfu. Tukisema lifunguliwe wakati wowote, tutarudi kwenye fujo. Sisi twasema: theluthi mbili za nyumba zikiwa zimeezekwa na watu wamelala ndani, fungu la pili lifunguliwe. Na yule aliyepewa lupango akaliacha majani miaka mitatu bila sababu ya ugonjwa au msiba, alirudishe, arudishiwe fedha aliyolipa, lupango lipewe mtu anayefuata katika orodha. Ardhi ya mji si sanduku la kuwekea akiba za matajiri.

Sasa twawajibu wale wanaotupinga, maana wana haki ya kujibiwa.

Wa kwanza wanasema: "Watu hawana nyumba leo, ninyi mwasema wangoje." Ni kweli, kungoja ni kuchungu. Lakini tuulize: kama malupango yote 1,330 yakiuzwa siku moja, nani atanunua? Atanunua mwenye fedha siku ile. Mchimbaji anayepokea mshahara mwisho wa mwezi hana fedha siku ile; anaweka kidogo kidogo. Mama auzaye unga sokoni hana fedha siku ile. Yuko katika kikundi cha kuchangiana na zamu yake ni mwaka ujao. Uwanja ukiuzwa kwa siku moja, watu kumi wenye mifuko mizito watanunua mia mia, na sisi tutanunua kwao kwa bei mara tatu. Uwanja ukifunguliwa kwa mafungu, asiyeweza mwaka huu ataweza katika fungu la pili au la tatu. Kwa hiyo mafungu, yakiendeshwa kwa haki, ni rafiki wa mtu wa mshahara mdogo.

Wa pili wanasema: "Bei itapanda kati ya fungu na fungu." Hiyo ni hatari ya kweli, wala hatuifichi. Dawa yake ni kwamba bei ya mafungu yote iandikwe tangu siku ya kwanza, ibandikwe mlangoni pa ofisi ya komini, na nyongeza pekee iwe ile ya gharama za barabara na maji, ikionyeshwa kwa hesabu. Karani yeyote aweza kuisoma hesabu hiyo.

Wa tatu ndio wanaosema neno zito kuliko wote. Wanasema: "Fungu la kwanza watachukua wakubwa, na fungu la pili halitakuja kamwe." Hao tunawaambia: mna haki kuogopa. Mji huu umeona ahadi nyingi. Kwa sababu hiyo twasema mafungu yawe ya ardhi, yasiwe ya watu. Isiwe fungu la kwanza la mabwana, la pili la makarani, la tatu la wachimbaji, na la mwisho la wajane. Katika kila fungu wawemo wote, na majina yasomwe mbele ya watu. Mtaa ambao mhandisi na mchimbaji wanangojea maji katika bomba moja, bomba hilo likiharibika litatengenezwa upesi.

Tena tujifunze kwa jirani zetu. Huko Dar es Salaam, nchini Tanzania, mtaa wa Magomeni Kota ulibomolewa ili zijengwe nyumba mpya. Kaya 644 ziliondolewa. Kisha uwanja ule ukakaa mtupu miaka, majani yakaota katikati ya mji, na watu wale wakahangaika kwa kodi za nyumba za wengine. Ilikuwa mwaka 2016 ndipo Rais Magufuli alipoamuru zijengwe, na mwaka 2022 ndipo Rais Samia alipozifungua. Wenyeji wale walikuwa na kitu kimoja kilichowaokoa: walijulikana kwa hesabu na kwa majina. Walikuwa 644 walipoondoka, wakadai kwa hesabu ile ile, na nyumba zilizojengwa ni 644. Somo letu ni hili: orodha iliyoandikwa vizuri ina nguvu kuliko hotuba.

Katika mji ule ule, kuanzia mwaka 2002, Serikali ilipima viwanja vingi sana pembeni mwa mji, mradi ukaitwa wa viwanja 20,000. Kupima kulikwenda mbio, na hilo ni la kusifiwa, maana lilipunguza fujo. Lakini maji na barabara vilibaki nyuma, na viwanja vingi vilikaa miaka bila nyumba. Na huko Kigamboni, ng'ambo ya bandari, mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya mkubwa, wenyeji wakazuiwa kuendeleza nyumba zao. Miaka ikapita, mji mpya haukuonekana kama ulivyochorwa. Huko viwanja vilitangulia maji. Hapa mchoro ulifunga mikono ya watu. Sisi wa Kasapa tusifuate hata mmoja wa mifano hiyo miwili.

Hapa pana neno juu ya mama zetu. Ardhi tunayoiita tupu si tupu machoni pao. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, wanalima humo mahindi, karanga na viazi vitamu, na chakula hicho ndicho hupeleka nyumba nyingi mpaka mwisho wa mwezi. Mafungu yana faida kwao pia. Fungu lisilofunguliwa lilimwe. Na siku ya kulifungua, taarifa itolewe kabla ya kupanda, si mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Trakta lisiingie shambani mwezi wa pili. Na wale ambao wamekwisha jenga humo, wenye karatasi na wasio na karatasi, wahesabiwe kwanza kabla ya mtu wa nje kupewa hata hatua moja.

Na fedha itoke wapi? Msidhani twaota ndoto. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imegawa ushuru wa madini: asilimia 50 ya Serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya mamlaka ya wenyeji pale mgodi ulipo, na 10 ya akiba ya vizazi vijavyo. Tena yataka kila kampuni itenge walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu nayo. Shaba na kobalti hupita katika barabara zetu usiku na mchana juu ya malori. Si dhambi kuuliza ni kisima gani, ni mtaro gani, na ni darasa gani limejengwa kwa sehemu ile ya sheria. Na kampuni, badala ya fedha ya nyumba kuishia yote katika kodi ya chumba, zaweza kukubaliana na vyama vya wafanya kazi ili sehemu iwe malipo ya lupango, kwa kupenda kwake mfanya kazi mwenyewe, na lupango liandikwe kwa jina lake na la mke wake. Lisiandikwe kwa jina la kampuni. Nyumba ya kufuata kazi tumekwisha ijua. Tusirudi kambini kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo, ndugu zetu, twataka mambo matano, wala hayazidi matano. Mchoro wa uwanja wote ubandikwe hadharani. Maji na barabara vitangulie nyumba. Orodha ya majina isomwe mbele ya watu katika kila fungu. Bei iandikwe mara moja. Na asiyejenga arudishe.

Hayo hayatakuja kwa sisi kulalamika katika basi la kampuni. Yafaa kila mtaa uchague watu wawili wanaojua kusoma mchoro, waende ofisi ya komini na ofisi ya vipimo vya ardhi, waulize kwa adabu na wasiondoke bila jibu. Wazee wa jadi nao waitwe kwenye meza ile ile, maana amani isiyowahusisha itakuwa ya mwezi mmoja. Vijana wa Chuo Kikuu, mnaopita humo kila asubuhi na vitabu vya sheria na vya ujenzi mikononi, tusaidieni kupima na kuandika. Ardhi hii ni jirani yenu.

Kiangazi ni kifupi. Mvua ya kwanza ikinyesha, fundi huacha tanuri la matofali na mpimaji huacha kamba yake. Mwenye kutaka kujenga mji hutumia miezi ya ukavu vizuri, hufanya sehemu anayoiweza, huimaliza, kisha hushika nyingine. Ndivyo tunavyochimba mgodi: ngazi kwa ngazi, wala hakuna mhandisi anayefungua shimo lote kwa siku moja, kwa sababu kuta zitawaangukia watu. Iwapo twajua kufanya hivyo kwa ajili ya shaba ya watu wengine, yatupasa kujua kufanya hivyo kwa ajili ya nyumba za watoto wetu.